Mlango Mweupe wa Leinster Gardens

Wageni wetu wakija London tunawafanyia ukatili wa aina moja. Tunawapeleka kwenye ile saa kubwa, tunawapeleka kwenye daraja linalofunguka, tunawasimamisha nje ya kasri wapigwe na mvua wakisubiri pazia litikisike, halafu tunawarudisha Edgware Road wakale shawarma ile ile waliyoiacha Maskati. Wakifika kwao wanasema wameiona London.

Soud bin Muhsin hakuwa hivyo. Kiangazi cha mwaka 2004 alimtembeza mgeni mmoja mahali ambapo hata Waingereza wengi hawapajui: makaburi ya mbwa, njia za chini ya mto, bustani za wafu. Alifanya hivyo wiki nzima bila kuchoka, kwa uchangamfu wa mtu anayekimbizwa. Kulikuwa na mahali pamoja ambapo hakutaka mgeni huyo apaone, na kila njia aliyoshika ilikuwa ikijipinda na kumrudisha huko huko.

Tuanze na mahali penyewe.

Soud aliingia London mwanzoni mwa miaka ya themanini, kijana wa Malindi, Unguja, na sanduku moja ambalo bawaba zake zilikuwa zimeshakata tamaa. Kazi ya kwanza aliyopata ilikuwa kubeba mashuka kwenye hoteli moja ya Leinster Gardens, mtaa wa Bayswater wenye majumba meupe marefu, yenye nguzo na vibaraza, yaliyopangwa kama mabibi harusi wanaosubiri kuitwa. Yeye alikuwa chini ya ardhi, kwenye joto la mashine za kufulia. Majumba aliyaona asubuhi akiingia na jioni akitoka.

Mwaka 1990, siku ya Idi, alimpeleka huko mkewe Miska na binti yao Hayat, mtoto wa miaka sita, ili wapigwe picha. Yeyote aliyewahi kuishi ughaibuni anajua kwamba picha ya Idi ni taarifa rasmi kwa ukoo. Ukionekana umekonda, simu zinaanza. Ukisimama mbele ya ukuta wenye kutu ya mvua, mama yako atapewa pole sokoni. Kwa hiyo unavaa kanzu iliyonyooka, unatafuta mandhari, na unatabasamu kama mtu asiyejua bei ya gesi.

Shida ilikuwa kwamba kila mlango wa mtaa ule ulikuwa na mwenyewe. Walisimama mlango wa kwanza, akatoka bawabu akawapungia mkono waondoke. Walisimama wa pili, akatoka mama mmoja na mbwa. Wa tatu, mbwa akatoka bila mama. Wakafika kwenye mlango mmoja mweupe, mzuri kuliko yote, wenye nguzo mbili na madirisha makubwa juu yake. Hakutoka mtu. Walipiga picha moja, mbili, wakamaliza filamu nzima. Kimya. Miska alisema labda matajiri wa humo wako safari. Hayat alisema ngazi inatetemeka. Soud alimwambia ni miguu yake, imechoka.

Picha ilikwenda Maskati kwa jamaa zake, na nyuma yake Soud aliandika, "Sisi hapa, nyumbani kwetu, London." Ulikuwa uongo mdogo, wa saizi ya stempu.

Mwaka uliofuata wakarudi mlango ule ule, kwa kuwa sasa ndiyo nyumbani. Na mwaka uliofuata tena. Soud aliacha hoteli akawa karani katika ghala la taulo huko Edmonton, kaskazini mwa London, akapanga nyumba ya halmashauri ghorofa ya tatu yenye ukungu kwenye dari ya bafu, lakini kila Idi familia ilipanda treni ikaja Bayswater kusimama mbele ya mlango. Hayat alikua mbele ya mlango ule, picha hadi picha, akaota meno, akavaa hijabu, akampita mama yake kimo. Mlango haukubadilika hata rangi. Wala haukufunguliwa hata mara moja, na katika miaka yote hiyo Soud hakujiuliza kwa nini.

Aliyemjibu bila kuulizwa alikuwa Lambert, mzee wa Dominica, bawabu wa hoteli jirani. Ilikuwa Idi ya mwaka 1998. Lambert alikuwa anavuta sigara nje akamwuliza kwa upole, "Rafiki yangu, mnapenda nini katika ukuta huu?"

"Ukuta gani?" Soud alisema. "Hii nyumba."

 Lambert akamwambia atazame vizuri. Mlango hauna tundu la ufunguo. Hauna tundu la barua. Madirisha yale si vioo, ni rangi ya kijivu iliyopakwa ndani ya fremu. Akamchukua mpaka mtaa wa nyuma, akampandisha juu ya kreti la maziwa, achungulie. Nyuma ya ile nyumba nzuri hapakuwa na sebule wala ngazi wala jiko. Palikuwa na shimo. Ukuta wa mbele umesimama peke yake, unene wake hauzidi urefu wa mtu aliyelala chali, umeegemezwa kwa vyuma, na chini kabisa reli za treni zinatoka kizani na kuingia kizani. Zamani za treni za moshi, Lambert alieleza, walibomoa nyumba mbili ili injini zipate pahala pa kupumulia, na matajiri wa mtaa wasije wakaona shimo, wakajengewa sura ya nyumba. Sura tu.

Treni ikapita. Upepo wa moto ukampiga Soud usoni, una harufu ya sarafu za zamani.

Aliwasimulia Miska na Hayat, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena Leinster Gardens. Katika London yote, yenye nyumba zaidi ya milioni, ameweka familia yake katika ile ambayo si nyumba! Na picha zilikuwa zimeshatiwa fremu za dhahabu, zimetundikwa Maskati ukutani, kuanzia meno ya Hayat hadi hijabu yake.

*

Mambo yangelala hapo kama Hayat asingependa. Alikwenda Maskati kwenye harusi ya binamu, akakutana na Riyadh, mhandisi wa maji, kijana mpole mwenye masikio makubwa, na kwa mwaka mzima simu ya Edmonton haikupumzika. Hayat alimwambia Riyadh kwamba anaishi Edmonton. Kwa Riyadh, Edmonton na Bayswater yote yalikuwa majina tu ya Kizungu. Naye Riyadh akamwambia ataposa, ila kwa sharti moja: Shangazi aridhike. Mama yake Riyadh alifariki yeye akiwa mdogo, Shangazi ndiye aliyemlea, na bila neno la Shangazi hafungi hata kamba za viatu.

Shangazi huyo ni Bi Mwanamwema. Alishuka London mwezi wa Julai, mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, mwenye sauti ya chini na macho yasiyopepesa, akapanga chumba cha hoteli Edgware Road. Atakaa wiki moja. Akirudi na neno zuri, Hayat ataolewa. Akirudi na neno baya, basi, kwa heri. Hayat alilijua hilo, Soud alilijua, na Bi Mwanamwema alilijua zaidi ya wote.

Jioni ya kwanza, Soud na Hayat walipokwenda kumwamkia, alifungua mkoba akatoa moja ya zile picha za Idi.

"Nyumba yenu ina madirisha mengi, mashaallah," alisema. "Nani anayasafisha?"

"Wapo watu, Bi Mwanamwema."

"Mbona kila mwaka yamefungwa?"

"Baridi," alisema Soud.

"Na mapazia?"

"Tunapenda mwanga."

Bi Mwanamwema akaitazama picha, akamtazama Soud, akairudisha picha mkobani pole pole kama mtu anayemlaza mtoto.

Walipokuwa kituoni wakisubiri treni, Hayat alisema, "Baba, just tell her."

"Nimwambie nini?"

"The truth. She's nice."

"Huyo si nice, mwanangu. Huyo anahesabu. Nisitiri baba yako. Wiki moja tu, halafu mengine tutayatengeneza ukishaolewa."

"It's my life, Baba."

"Ndiyo maana," alisema Soud, na kwa wakati ule aliamini anachosema.

*

Kuna jambo moja lililompa nafasi. Bi Mwanamwema ni mtu wa adabu za zamani, na mgeni wa adabu hajikaribishi. Anakaa anasubiri kuitwa. Kwa hiyo alichotakiwa Soud ni kumchosha: kumjaza London mpaka siku zimalizike. Saa kubwa na madaraja alikuwa ameshayaona kwenye safari ya nyuma. "Nionyeshe ambayo watu hawayajui," alisema. Soud akaona mlango wa uokovu, akaomba likizo ghalani, akaenda maktaba ya Edmonton kutafuta maajabu.

Siku ya kwanza ilikuwa makaburi ya mbwa, pembeni mwa Hyde Park. Wamezikwa pale tangu enzi za Malkia Viktoria, mbwa na paka na sijui kasuku, kila mmoja na jiwe lake dogo la marumaru lenye jina. Hapafunguliwi kwa kila mtu, kwa hiyo walichungulia kwenye nondo. Vijiwe vilikuwa vimebanana chini ya miti, vyeupe, kama meno ya mtoto.

Bi Mwanamwema alishika nondo. "Hawa mbwa?"

"Mbwa, Bi Mwanamwema."

"Na wewe, Bwana Soud, ukifa hapa utazikwa wapi?"

Soud alicheka. Bi Mwanamwema hakucheka. "Nauliza kweli. Mbwa wana mahali pao."

Siku ya pili alimpeleka katikati ya mji, kwenye bustani ndogo iliyojificha nyuma ya maofisi, ambako kuna ukuta wa vigae vilivyoandikwa majina ya watu wa kawaida waliokufa wakiokoa wengine. Hayat alimsomea kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: huyu maji, huyu moto, huyu barafu ilivunjika. Makarani walikuwa wanakula sandwichi zao mbele ya wafu hao bila wasiwasi wowote.

"Na waliotazama?" aliuliza Bi Mwanamwema. "Pembeni ya kila maji walikuwepo watu wanatazama. Wao wameandikwa wapi?"

"They didn't write them, Auntie," alisema Hayat.

"Kasema nini?"

"Hawakuandikwa," Soud alisema, akafuta jasho, ingawa mawingu yalikuwa yametanda.

Siku ya tatu wakashuka Greenwich, kwenye njia ya miguu inayopita chini ya mto Thames. Ni bomba refu lililozungushiwa vigae vyeupe, linashuka katikati halafu linapanda, na sauti ya kikohozi inatembea mbele yako mpaka mwisho kisha inarudi kukusalimia. Maji yalikuwa yanadondoka mahali fulani. Bi Mwanamwema alisoma Ayatul Kursiy kwa sauti, na bomba likamwitikia neno kwa neno. Walipofika katikati, pale mto wote ulipo juu ya kichwa, alisimama.

"Soud."

"Labeka."

"Miguu yangu inauma. Ningependa kukaa. Si kwenye benchi la bustani, wala si hotelini. Chini ya dari ya mtu."

Kwa mtu wa adabu zile, hayo yalikuwa matusi ya nguoni. Amelazimishwa kuomba. Soud alijua, Hayat alijua, na hata bomba lilirudia: dari ya mtu, ya mtu, mtu.

"Jumapili," Soud alisema. Neno lilimtoka kabla hajalipeleleza. "Jumapili alasiri, karibu nyumbani."

*

Ndege ya Bi Mwanamwema ilikuwa Jumatatu asubuhi. Hapo ndipo Soud alipopata wazo ambalo, kwa maoni yake, lilikuwa la busara na la dini pia.

Sisi hatuingii nyumba ya mtu bila hodi. Unapiga ya kwanza, unasubiri. Ya pili, unasubiri. Ya tatu, na kama hukuitikiwa, unageuka unakwenda zako bila kinyongo, ndivyo tulivyofundishwa. Bi Mwanamwema, mtu wa dini kupindukia, hangepiga ya nne. Basi Soud angemwagizia teksi impeleke Leinster Gardens. Angekuta mlango ule ule wa kwenye picha, akapiga hodi zake tatu, akarudi hotelini kwa teksi ile ile. Jioni Soud angempigia simu kwa sauti ya msiba: mgonjwa anayehudumiwa na Miska amezidiwa ghafla, wote wamekimbilia hospitali, aibu iliyoje, tusamehe sana. Alfajiri, ndege. Nyumba ameiona kwa macho yake, na adabu ya dini ingemzuia asiijue.

Akampangia Miska, aliyekuwa mhudumu wa wazee, aende kwa mgonjwa wake, ambaye alikuwa mzima na anacheza karata.

"Soud, hii ni dhambi," alisema Miska.

"Dhambi ipi? Sijamwambia uongo. Nimemwambia karibu."

Yeye mwenyewe hakuweza kukaa nyumbani. Alasiri ya Jumapili, kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, alirudi Leinster Gardens, akajibanza nyuma ya gari la mizigo la fundi bomba, upande wa pili wa barabara. Mtaa ulikuwa mtupu. Joto lilikuwa zito, jani halitikisiki. Madirisha ya kijivu yalikuwa yanamtazama kama macho ya mzee mwenye mtoto wa jicho.

Teksi ilifika. Bi Mwanamwema alishuka amevaa buibui jipya, mkononi ana boksi la halua. Na teksi, ambayo Soud aliiagiza isubiri, ikaondoka.

Alipanda ngazi. Akasawazisha mtandio.

"Hodi," alisema.

Hakuna jibu. Alisubiri vya kutosha, bila haraka.

"Hodi wenyewe."

Ngazi ikaanza kutetemeka. Ilianza kidogo, kisha ikavuma, na mlango mzima ukatoa sauti ya ndani kabisa, kama mtu anayejigeuza kitandani. Bi Mwanamwema aliinamisha kichwa, akasikiliza. Akasogea karibu na mlango, akaweka kiganja juu yake. Treni ikapita chini, ikaisha.

"Hodi," alisema mara ya tatu, kwa sauti ndogo.

Halafu, kwa kuwa teksi haipo, na miguu inamuuma, na Soud hakufikiria kabisa kwamba mtu aliyekatazwa kuingia hajakatazwa kukaa, Bi Mwanamwema akajikunja akakaa kwenye ngazi, boksi la halua mapajani.

Lambert alitoka hoteli ya jirani. Alikuwa amezeeka, lakini sigara ilikuwa ile ile. Akamsemesha kwa Kiingereza, akionyesha mlango, akitikisa kichwa. Bi Mwanamwema alimjibu kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili, wote wawili wakapanda sauti kama viziwi, kisha wakanyamaza kwa heshima.

Hapo ndipo Hayat alipotokea pembeni ya mtaa, anakimbia, kiatu kimoja kinataka kumvuka mguuni. Mama yake alishindwa kubeba siri hata mpaka kwenye karata za mgonjwa.

Soud alimwona. Moyo wake ulimwambia toka. Barabara ilikuwa hatua chache tu. Angeweza kuvuka akasema lolote: nisamehe, mimi ni mwongo, nimekuja. Mguu wake wa kulia ulisogea. Kisha akafikiri, labda Hayat atatengeneza. Ni mtoto mwerevu. Kasoma. Mguu ukarudi.

"Shikamoo, Auntie," Hayat alisema akihema.

"Marahaba. Huyu baba anasema nini?" Bi Mwanamwema alimwelekezea Lambert kidole. "Ananiambia neno moja tangu nilipokaa, nami silijui."

Lambert alirudia, taratibu, kwa huruma. Alikuwa anasema kwamba hakuna mtu ndani, bibi, hapajawahi kuwa na mtu.

 Maisha yake yote Hayat alijibu Kiswahili kwa Kiingereza, ndivyo walivyo watoto wetu wa hapa, wanachota kwenye kisima kimoja wanamwaga kwenye kingine. Sasa Kiingereza hakikuwa na pa kujificha. Angeweza kusema kwamba mzee anasema wametoka, watarudi kesho. Maneno matatu, na harusi yake ipo.

"Anasema hakuna mtu ndani," alisema Hayat kwa Kiswahili, akitafuta kila neno. "Anasema... si nyumba, Auntie. Ni ukuta. Nyuma kuna treni. Sisi tunakaa Edmonton. Kwenye fleti. Bafu lina ukungu. Hapa tulikuwa tunakuja kupiga picha tu."

 Bi Mwanamwema alilitazama boksi la halua. Kisha, bila kuinua sauti, kama mtu anayeagiza chai:

"Mwambie baba yako atoke nyuma ya lile gari. Naviona viatu vyake tangu nilipokaa."

*

Soud alivuka barabara. Tai yake ilikuwa imekaza. Bi Mwanamwema hakumjibu salamu.

"Nataka kuona nyuma," alisema.

Wakaenda wote, pamoja na Lambert na kreti lake la maziwa. Mtaa wa nyuma ulikuwa kimya zaidi ya ule wa mbele. Bi Mwanamwema alipanda juu ya kreti, Hayat amemshika kiuno, akachungulia ng'ambo ya ukuta. Alitazama muda mrefu. Treni mbili zilipita chini yake, na buibui likajaa upepo mpaka akaonekana mkubwa kuliko alivyo. Aliposhuka, uso wake ulikuwa na masizi kidogo kwenye kidevu, wala hakuyafuta.

"Mimi nimezaliwa Kiponda, kule kule Unguja," alisema. "Tumelala chumba kimoja, watoto na kuku. Ungenipeleka huko kwenye fleti yako ukanipa chai ya rangi na kipande cha mkate, ningelala nikiota arusi. Hata huu ukuta wako ningekusamehe, Soud. Kila aliyetoka kwao ana uongo wake mmoja, mimi pia ninao, na hutaujua."

"Bi Mwanamwema, nilikuwa..."

"Nyamaza. Nimesema ningesamehe. Lakini nimekaa pale ngazini nikaviona viatu. Nikasema, huyu ataona haya, atatoka. Mtoto akaja. Nikasema, sasa atatoka, maana ni binti yake, hatamwacha anijibu peke yake. Nikamwuliza yule mtoto makusudi. Nikasubiri. Viatu vikasogea. Kisha vikarudi."

Lambert, asiyejua neno hata moja, alivua kofia.

"Siku ya msiba, mwanangu Riyadh atasimama na nani? Na wewe?"

Hakungoja jibu. Alimbusu Hayat kwenye paji la uso, akamtia lile boksi la halua mikononi, akamwambia, "Wewe huna kosa," na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote, kwa sababu lilikuwa la kuagana.

Teksi aliyoitiwa na Lambert ilipoondoka naye, Hayat alimgeukia baba yake. Alisema kwa Kiswahili, na kwa utulivu.

"Baba, ulikuwepo tangu nilipofika?"

"Nilikuwa nataka kutoka, mwanangu."

Hayat aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa saa na mpita njia.

*

Ujumbe wa Riyadh uliingia siku ya Jumatano. Ulikuwa mfupi: Shangazi amekataa, nisamehe. Mwezi uliofuata Hayat alipata kazi kwenye duka la miwani katika mji wa Leicester, akahama. Hupiga simu Idi zote mbili. Huzungumza Kiingereza tupu, kwa ile heshima ya mtu anayezungumza na benki.

Na habari, je? Habari zetu hazihitaji ndege. Kabla mwezi haujaisha zilikuwa zimeshafika Maskati, Dubai, Unguja, na Thornton Heath, hapa hapa London, ambako watu hawana la kufanya Jumapili. Akaja bwana mmoja na mgeni wake. "Bwana Soud, ewe, hebu tuonyeshe ile nyumba yako." Soud akaona ni mzaha. Wakaja wengine. Watu wanaokuja London kwa mara ya kwanza wanaiacha saa kubwa, wanaliacha daraja linalofunguka, wanataka Nyumba ya Soud. Na kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua njia ya nyuma wala kreti linapowekwa, Soud ndiye anayewapeleka. Anawaonyesha mlango usio na tundu. Anawaambia waweke kiganja. Treni inapopita wanapiga kelele za furaha, wanasema jamani, jamani, na yeye anasimama pembeni na tai yake. Kukataa hawezi. Ni wageni.

Mwaka 2007, alasiri moja, simu ililia Edmonton. Sauti ilikuwa ya chini, na Soud aliitambua kabla haijasema jina.

"Soud. Hujambo?"

"Sijambo, Bi Mwanamwema. Shikamoo."

"Marahaba. Riyadh anakuja huko wiki ijayo, na mkewe. Wameoana mwezi huu. Huyu mkewe amesikia habari za ile nyumba, anataka kuiona. Nimemwambia yuko mtu atakayewapeleka."

Jikoni, Miska alifunga bomba ili asikie.

Soud alishika kipokezi kwa mikono yote miwili. Kwenye simu, Bi Mwanamwema hakuharakisha. Alikuwa anasubiri, kama alivyosubiri pale ngazini.

"Waambie karibu," alisema Soud. "Jumapili nipo."